Tenda Ilipoacha Kupanda Basi

Katika miaka ya 1990, zabuni ya mkandarasi wa Mwanza iliweza kuvuka mpaka wa nchi mara mbili kabla ya kufika Dar es Salaam. Barabara ya kupitia Shinyanga, Nzega na Singida ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, kiasi kwamba mabasi mengi yaliona heri yazungukie Kenya: Sirari, Nairobi, Namanga, halafu Arusha na kuteremka hadi pwani. Bahasha yenye bei za kujenga jengo la serikali ya Tanzania ikatoka Tanzania, ikalala njiani ugenini, ikarudi nyumbani upande wa pili, ndipo ikatumbukizwa kwenye sanduku la zabuni. Asiyetaka kupita Kenya alipanda treni ya Reli ya Kati, safari ya karibu siku mbili kama hakuna behewa lililoacha njia. Mwenye uwezo alipanda ndege. Wote walikimbizana na saa moja, ya kufunga sanduku, na aliyechelewa kwa dakika tano alirudi na bahasha yake kama alivyoileta.

Bahasha hiyo sasa haipo. Tangu Julai 1, 2023 taasisi za umma nchini zilianza kununua kupitia mfumo wa mtandaoni wa NeST, na mkandarasi wa Nyakato au Igoma anaomba kazi ya Dodoma, Kigoma au ya mtaa wa pili akiwa amekaa mbele ya kompyuta. Historia ya kutoka kwenye basi hadi kwenye mfumo mara nyingi husimuliwa kama habari ya wajenzi wazito wa kuelewa waliozinduliwa na maendeleo. Ukiifuata kwa karibu ukingoni mwa Ziwa Victoria, unakuta mambo mengine. Teknolojia iliyomsaidia mkandarasi kuokoa fedha yake mwenyewe aliichukua siku hiyohiyo, bila semina. Ile iliyomfaa zaidi anayemlipa, au anayemtoza kodi, ililetwa kwa sheria.

Kanda hii haikuanza nyuma katika mambo ya mawasiliano. Wajerumani waliweka boma lao Mwanza mwaka 1892, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamesimamisha vituo vya telegrafu isiyo na waya Mwanza na Bukoba, habari ikivuka ziwa bila mashua. Waingereza walikiona kituo cha Bukoba kuwa cha hatari hata wakapanga kukivamia. Juni 1915 vikosi vyao viliondoka Kisumu kwa meli za ziwani, vikashuka Bukoba, vikakilipua na kuupora mji. Kwa maneno mengine, ukingoni mwa ziwa hili watu walipigania mlingoti wa mawasiliano miaka mingi kabla hoja ya kuongezewa minara ya simu haijasikika bungeni.

Kwa wajenzi, hata hivyo, kilichogeuza mambo ni reli. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, na baada ya hapo bati, nondo na saruji vingeweza kuagizwa kwa wingi kutoka pwani. Upande wa Kenya reli ilikuwa imefika ziwani tangu mwaka 1901, kwa hiyo mfanyabiashara wa Mwanza aliweza kulinganisha: mzigo wa Dar es Salaam kwa behewa, au wa Mombasa kwa reli hadi Kisumu kisha kwa meli. Uamuzi huo ulihitaji taarifa ya bei, na taarifa ilisafiri kwa telegramu yenye maneno ya kuhesabiwa, kila neno na senti yake. Mawe hayakuhitaji telegramu. Mwanza mawe yako kila mahali, na kokoto za kugongwa kwa nyundo mlimani ziliuzwa kwa ndoo na kwa lori, kama zinavyouzwa mpaka leo.

Ofisi ya mjenzi wa enzi hizo, na kwa kweli hadi miaka ya 1980, ilikuwa ofisi ya karatasi. Michoro ilichorwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi inayopenyeza mwanga, ikatolewa nakala kwa mashine iliyonuka amonia. Nakala hizo zilikwenda saiti, zikaloa, zikachanika kwenye mikunjo, na fundi mkuu akabaki anasoma ukuta kwa kukumbuka. Makadirio yalifanywa kwenye karatasi maalumu yenye safu nne. Safu moja ilikuwa ya idadi ya kuzidisha, nyingine ya vipimo vilivyopangwa kwa mfuatano wa urefu, upana na kina, ya tatu ya jibu, na ya nne ya maelezo: msingi wa mawe, ukuta wa tofali za inchi sita, plasta, rangi mikono mitatu. Kutoka hapo majibu yalikusanywa, yakajumlishwa na kuhamishiwa kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, ambayo karani aliipiga chapa na karatasi za kaboni katikati. Namba moja ikikosewa kwenye ukurasa wa 30, kurasa zote zilizobeba jumla yake zilirudiwa.

Alama ya dunia hiyo imebaki kwenye kanuni za zabuni. Bei ya kipimo kimoja na jumla yake zikipingana, bei ya kipimo ndiyo inayoshika. Tarakimu na maneno vikipingana, yanachukuliwa maneno. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya watu waliozidisha kwa kichwa, kwa jedwali la logi, au kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Kompyuta nayo ilikuwa imeingia nchini mapema. Ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Ikafuata mashine kubwa zaidi ya ICL, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Hesabu za serikali zilivurugika na wataalamu wa kuitunza walikuwa wageni wa gharama kubwa. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Marufuku hiyo ililegezwa polepole na haikuondoka kabisa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Inafaa kutazama miaka hiyo kwa makini. Programu ya AutoCAD ilitoka mwaka 1982. Lotus 1-2-3, jedwali la hesabu lililowatoa wahasibu wengi wa dunia kwenye daftari, ilitoka mwaka 1983, na mwaka huohuo ikaja Primavera ya kupangia ratiba za miradi. ArchiCAD ya Wahungari ikafuata. Muongo ambao kompyuta ndogo iliingia kwenye ofisi za wajenzi wa Ulaya na Marekani ndio muongo ambao mjenzi wa Mwanza alihitaji kibali kuingiza kompyuta, na fedha za kigeni kuilipia, wakati hata saruji ilikuwa ya kuomba kibali. Ujenzi mkubwa ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma kama MECCO, na mkandarasi binafsi wa Kiafrika alikuwa mtu wa kazi ndogo. Serikali ilikuwa imeunda bodi moja ya wasanifu, wakadiriaji na wakandarasi wa majengo kwa sheria ya mwaka 1972, na Baraza la Taifa la Ujenzi kwa sheria ya mwaka 1979. Vyombo hivyo vilipanga nani ajenge na kwa kanuni gani. Jinsi hesabu zake zitakavyopigwa ilibaki shauri lake.

Soko lilipofunguliwa, mambo yalikuja kwa mkupuo. Mwaka 1993 shirika la posta na simu liligawanywa na TTCL ikazaliwa. Mwaka 1994 Mobitel ikaleta simu ya mkononi. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria tatu zilizotenganisha wahandisi, wasanifu na wakadiriaji, na wakandarasi, kila kundi na bodi yake. Bodi ya Usajili wa Wakandarasi, CRB, ikawapanga wajenzi kwa madaraja, kutoka la saba la chini hadi la kwanza. Ghafla Mwanza ikawa na makampuni mengi yaliyosajiliwa, mengi yao ya mtu mmoja, mke wake na fundi wanayemwamini.

Makampuni hayo hayakuwa na kompyuta, lakini yalikuwa na steshenari.

Hicho ni kipengele ambacho tafiti za nchi tajiri hazikijui. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden, Denmark na Finland walifanya uchunguzi mkubwa walioupa jina la IT Barometer, wakiuliza makampuni ya ujenzi yana kompyuta ngapi, zinatumika kwa nini, na nani ana barua pepe. Walikuta wasanifu na wahandisi wako mbele, wakandarasi nyuma, na saiti nyuma zaidi ya ofisi. Kama dodoso lao lingeletwa Mwanza mwaka uleule, mkandarasi wa daraja la saba angejibu kwa haki kwamba ana kompyuta sifuri. Lakini BOQ yake ilichapwa kwa kompyuta, mtaa wa Rwagasore au karibu na Posta, na binti wa steshenari aliyezijua tarakimu zake kuliko mhasibu. Mkandarasi alisimama nyuma ya kiti akisoma kutoka kwenye daftari, binti akachapa, printa ya kugonga ikapiga kelele, na gharama ilikuwa ya kurasa tu. Kazi ilipoisha, faili lilibaki kwenye diski ya steshenari.

Utaratibu huo uliibua tabia zake. BOQ ya shule iliyojengwa mwaka jana ilifunguliwa ikageuzwa ya zahanati, na mara nyingine jina la mteja wa zamani likasahaulika juu ya ukurasa wa 12. Flashi zilipokuja, majedwali ya Excel yakaanza kurithiwa, kutoka kwa mkadiriaji kwenda kwa mkandarasi, kwenda kwa rafiki yake, yakiwa na fomula ambazo aliyeziandika hajulikani. Mtu akiongeza mstari mmoja chini ya jumla, mstari huo haukuhesabiwa, na bei ikatoka pungufu. Wapo walioshinda tenda kwa hesabu ya namna hiyo. Si ushindi wa kupongezwa, maana nondo haziuzwi kwa bei ya fomula.

Simu ya mkononi haikuhitaji steshenari wala mtu wa kati, na hapo ndipo kasi ilipoonekana. Vodacom ilianza mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Kwa mjenzi wa Kanda ya Ziwa faida haikuwa ya kuhubiriwa. Chukua kazi ya Nansio, makao makuu ya Ukerewe. Saruji inavuka ziwa, mbao zinavuka, nondo zinavuka, na zamani hata swali lilivuka. Fundi akiishiwa misumari aliandika kikaratasi, akampa mtu wa melini, kikaratasi kikafika Mwanza mchana, misumari ikarudi kesho yake kama MV Clarias au MV Butiama haikuwa matengenezoni. Mafundi sita walikaa siku mbili wakilipwa kwa kutazama ziwa. Simu ilipofika, siku hizo mbili zilibaki mfukoni mwa mkandarasi. Hakuna bodi iliyomwambia anunue simu.

Hali ikawa hivyohivyo kwa fedha. Jumamosi ni siku ya malipo saitini, na kabla ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008, malipo yalisafiri taslimu, kwenye mkoba chini ya kiti cha gari ndani ya kivuko. Kila mtu aliyekuwa kwenye kivuko alijua kwamba Jumamosi asubuhi wakandarasi hubeba mikoba. Baada ya hapo fundi mkuu wa Sengerema alipokea fedha kwenye simu yake, akawagawia vibarua, na mwenye lori la mchanga akalipwa kabla hajazima injini. Mkandarasi akapata na kitu ambacho hakukitarajia: kumbukumbu. Ujumbe wa M-Pesa ulimwambia alimlipa nani, kiasi gani, saa ngapi. Kwa wengi huo ndio uliokuwa mfumo wa kwanza wa uhasibu wa kompyuta katika kampuni, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Kisha picha. WhatsApp ilizoeleka haraka sana saitini kwa sababu inaziba pengo la zamani la ujenzi, kwamba anayeamua hayupo pale penye kazi.

“Fundi, hiyo nguzo ya kona nitumie picha kwa upande wa ndani.”

“Sawa bosi, bando limekata. Niwekee la buku.”

Bando likiingia, picha inakuja, na bosi anaona kwamba ringi za nondo zimekaa mbali kuliko mchoro unavyosema. Zamani kasoro hiyo ingefunikwa na zege kabla hajafika. Kundi la WhatsApp la mradi likawa ofisi, kabati la majalada na kitabu cha mahudhurio kwa pamoja. Tatizo lake hujitokeza mwishoni. Mgogoro ukifika kwa msuluhishi, maagizo ya kubadilisha dirisha au kuongeza choo yametawanyika katikati ya salamu za Idi, matangazo ya misiba na video za vichekesho, na simu iliyokuwa nayo yote ilizama kwenye pipa la maji miezi minne iliyopita.

Ilhali mkandarasi alijichagulia simu, dola lilikuwa linamletea mashine nyingine. Mwaka 2010 ilikuja mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, na wakandarasi waliosajiliwa kwa VAT wakaanza kuitumia. Malalamiko hayakuwa juu ya mashine, bali juu ya hesabu iliyo nyuma yake: risiti ikishatoka kodi inadaiwa, hata kama malipo ya kazi bado yako mezani kwa mteja. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ambao wananchi wanaufahamu kwa jina moja, kontrol namba. Ada ya CRB, leseni, kibali, faini, kila kitu kikapewa namba yake. Mwaka 2018 ukaanza TANePS, mfumo wa kwanza wa taifa wa zabuni kwa mtandao, chini ya mamlaka ya ununuzi wa umma, PPRA. Miaka mitano baadaye nafasi yake ilichukuliwa na NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani wa PPRA na Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Msingi wa haya yote ulikuwa chini ya bahari na pembeni mwa barabara. Mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa hadi mikoani, Mwanza ikiwemo. Bila nyaya hizo, kumlazimisha mkandarasi wa Magu au Kwimba kupakia kurasa 80 za zabuni kungekuwa dhihaka.

Upakiaji wenyewe ulikuwa na visa vyake. Enzi za sanduku la mbao, mkandarasi alijua adui yake ni barabara. Enzi za mtandao, adui akawa umeme, kasi ya intaneti, nywila iliyosahaulika na ukubwa wa faili. Leseni ya biashara inaskaniwa kwa rangi ilhali nyeusi na nyeupe ingetosha, faili linakuwa zito, saa inasoma dakika kumi kabla ya kufunga, na wakandarasi wengine 40 nchi nzima wanapakia dakika hizohizo. Mfumo hauna mlinzi wa kubembelezwa. Kwa upande mwingine hauna mtu wa kuficha bahasha wala wa kufungua kabla ya wakati, na hilo wakandarasi wadogo wanalikiri hata wanapoulaani. Kwenye NeST bei za vipimo zinaingizwa na mfumo wenyewe unazidisha na kujumlisha, kwa hiyo ile kanuni kongwe ya tarakimu na maneno imeanza kukosa kazi.

Kuna kilichopotea pia, na si kidogo. Ufunguzi wa zabuni ulikuwa mkutano. Wakandarasi walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa halmashauri, katibu akafungua bahasha moja baada ya nyingine, akasoma jina na bei kwa sauti. Mgeni kwenye kazi alijifunza bei za soko kwa kusikiliza. Aliyeshindwa alitoka na aliyeshinda, wakanywa soda, na mara nyingi alipata kipande cha kazi, kuezeka au kupaka rangi. Urafiki huo ulikuwa na upande wake mbaya, kwa maana ndipo pia bei zilipopangwa. Lakini ulikuwa chuo, na mfumo haujaweka kingine mahali pake.

Na steshenari haikufa, ila imebadilika sura. Wapo sasa vijana wenye kompyuta mpakato ambao kazi yao ni kujaza zabuni za wengine, kwa ada, wakiwa na nywila za makampuni kadhaa kwenye daftari moja. Kisheria kampuni ndiyo iliyoomba. Kiuhalisia mwenye kampuni yuko saiti Buswelu, anasubiri apigiwe kuulizwa kama mchanga aandike 30,000 au 35,000.

Si Mwanza peke yake iliyosukumwa hivi. Uingereza, ambako kompyuta zilikuwa zimejaa ofisini, ilibidi serikali iseme kwamba kuanzia Aprili 2016 miradi ya serikali kuu itatumia BIM, yaani jengo kuchorwa na kupangwa kwa modeli moja ya kompyuta ambayo kila mhusika anaitumia. Singapore ilifanya hivyo mapema zaidi kwa wanaoomba vibali. Jirani, Kigali ilianza kupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa mtandao tangu mwaka 2012, kisha Rwanda ikaleta Umucyo kwa ajili ya zabuni. Kenya ilipotaka taasisi zote zihamie kwenye mfumo wake mwaka 2025, magavana walipinga na jambo likafika mahakamani. Kila mahali ujenzi ni kazi ya faida ndogo na ya kubahatisha, kampuni hukutana kwa mradi mmoja kisha hutawanyika, na anayelipia programu leo hana hakika kama mradi ujao utaihitaji. Mteja mkubwa akilazimisha, hesabu inabadilika. Nchini mteja huyo ni serikali.

Migodi ilikuwa mteja wa aina nyingine. Geita ilifunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na mkandarasi wa ndani aliyetaka kujenga nyumba, uzio au barabara ndani ya uzio wa mgodi alikutana na utaratibu mgeni: ratiba ya kompyuta, ripoti ya usalama, ankara kwa barua pepe. Waliovuka mtihani huo walirudi mjini na tabia mpya za ofisi, na baadhi ya vijana waliopima ardhi migodini ndio waliokuja kusambaza vifaa vya kupimia viitwavyo totali stesheni na vipokezi vya setilaiti kwenye miradi ya barabara.

Lakini saitini, kwa miaka yote hii, kifaa kikuu kimebaki kamba. Nyumba nyingi za Mwanza zimekaa juu ya miteremko ya mawe, Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugando, na msingi mmoja unaweza kuwa na ngazi tano za kimo. Fundi hulitatua tatizo hilo kwa mpira wa maji: bomba la plastiki linaloonesha ndani, limejazwa maji, mmoja anashika ncha kwenye alama ya kwanza, mwingine anapanda na ncha ya pili hadi maji yatulie, anapiga alama. Maji hayana betri. Mpira usiwe na kiputo cha hewa, basi, na usikanyagwe. Kwa nyumba ya vyumba vitatu juu ya jiwe, kipimo hicho ni sahihi vya kutosha, na mkandarasi asiyenunua kifaa cha mamilioni kufanya kazi ya bomba la shilingi elfu chache hajabaki nyuma, amehesabu.

Pembeni mwa nyumba hizo mambo makubwa yamejengwa kwa namna nyingine kabisa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la John Pombe Magufuli, lina urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba ya Mwanza, na liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 7, 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Juni 19, 2025. Lilijengwa na makampuni ya Kichina, CCECC na China Railway 15th Bureau. Juu ya maji hakuna pa kufunga kamba wala pa kupigilia vigingi. Nafasi ya nguzo inatafutwa kwa setilaiti na kwa vifaa vilivyosimama nchi kavu, inapimwa tena kabla ya kumwaga zege, na namba zinaingia kwenye modeli ofisini. Mamia ya Watanzania walifanya kazi pale, wahandisi na mafundi, na walioondoka na ujuzi wa kuendesha vifaa hivyo sasa wanatafutwa. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi Fela mwaka 2021, imefungua mlango kama huo.

Swali la wakandarasi wa ndani ni kama mlango huo unafika kwenye ofisi zao. Chini ya sheria mpya ya ununuzi ya mwaka 2023 na kanuni zake, kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa ajili yao, kutoka kikomo cha zamani cha bilioni 10. Kazi ya bilioni 40 haiendeshwi kwa kundi la WhatsApp na kumbukumbu za M-Pesa. Inataka ratiba inayosasishwa kila wiki, hesabu ya vifaa kila siku, na ushahidi wa kila agizo la mabadiliko. Kwa mara ya kwanza, faida ya programu za namna hiyo iko upande wa mkandarasi mwenyewe, na wapo walioanza kuajiri wahitimu wa Chuo Kikuu Ardhi ambao programu ya usanifu ya Revit wameijua kabla ya kujua bei ya kokoto.

Barabara za mawe za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zinaonesha mchanganyiko ulivyo sasa. Mwanza imejenga nyingi milimani, kwa sababu lami huoshwa na mvua za mteremko na mawe yapo hapohapo. Kazi inatangazwa NeST, inashindaniwa NeST, mkataba unatoka NeST. Baada ya hapo jiwe linachongwa kwa nyundo na tindo, linapangwa kwa mkono, moja pembeni mwa jingine, na kamba imevutwa pande zote mbili. Siku ya vipimo vya malipo mkandarasi na mhandisi wanapanda mlima na futi kamba ya mita 50. Mmoja anashika sifuri, mwingine anasoma. Namba zinaingia kwenye simu kwanza, kisha zinaandikwa kwenye kitabu cha vipimo, na wote wawili wanatia saini kwenye kitabu.